Ng'ombe wa Mtoto

Siku niliyorudisha kibuyu cha mama mkwe wangu kikiwa bado kimejaa maziwa, mume wangu alikipakata mapajani, akakaa nacho kwenye kibaraza chetu cha Nkuhungu, Dodoma. Mwisho akauliza, "Sasa nimwambie nini mama?"

"Mwambie daktari kakataza."

"Mama hamjui daktari. Anamjua ng'ombe."

Nilimjibu vibaya. Nilikuwa na mimba ya miezi minne na ushei, nimechoka mpaka kwenye kucha, na asubuhi ile nilikuwa nimeambiwa kwamba shingoni mwangu kuna kitu kidogo kinachoweza kumuua mwanangu kabla hajazaliwa. Sikuwa na moyo wa kubembeleza ng'ombe.

Lakini habari ya ng'ombe huyo lazima niieleze. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Dodoma nililetwa na kazi, wizara yetu ilipohamishiwa huku na sisi tukahama nayo kama masanduku, na kilichonifanya niache kulalamikia vumbi ni mwanamume wa Kigogo niliyemkuta ofisi ya jirani. Kwao ni Chamwino. Kwao, mke wa kijana akishika mimba, mama mkwe huchagua ng'ombe mmoja mwenye maziwa akamtenga. Maziwa yake hayauzwi, hayachanganywi na ya wengine, na hanywi mtu mwingine isipokuwa mwenye mimba. Mtoto akizaliwa, ng'ombe yule ni wake. Sijui kama ni mila ya Wagogo wote au ni ya ukoo wao tu. Nimeuliza watu wengi na kila mmoja kanijibu lake. Ninachojua ni kwamba kwa mama mkwe wangu hiyo ni sheria, na sheria hiyo ina upande wa pili: mimba ikiharibika, ng'ombe anarudishwa kundini na jambo hilo halizungumzwi tena.

Kwangu mimi, ng'ombe alikuwa amesharudishwa mara mbili.

Kwa hiyo mimba hii ya tatu ilipoingia, mama alichagua ng'ombe mwekundu, aliyekuwa bora kuliko wote zizini, na kibuyu kikaanza kuja Nkuhungu kwa pikipiki ya mpwa wa mume wangu. Maziwa ya moshi, mazito, yenye harufu ya kijinga cha mti wanachosafishia kibuyu. Mtu wa pwani hupenda maziwa kwenye chai, na kidogo. Nilijifunza kuyanywa kikombe kwa kikombe kwa sababu nilimtaka yule mtoto. Niseme wazi: nilimtaka kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kuulizwa ofisini "Vipi, bado?" na watu ambao hata chai yangu hawajawahi kunywa.

Mwili wangu lakini ulikuwa na mambo yake. Kiu isiyokwisha, nakunywa maji mpaka tumbo linapiga mawimbi na bado ulimi umekauka. Choo hakuna. Kichefuchefu ambacho wenzangu walinihakikishia kingekwisha baada ya mwezi wa tatu, kikahamia moja kwa moja mwezi wa nne na mizigo yake. Mifupa ya miguu ikauma kama nimelima shamba zima. Kila mtu alikuwa na jibu. "Ni maji ya Dodoma haya, yana chumvi," alisema jirani. "Shoga, hiyo ni stress tu, omba likizo," alisema mwenzangu ofisini. Mama mkwe aliposikia mifupa inauma, yeye hakuwa na maneno, alikuwa na dawa. Akaongeza kibuyu cha pili.

Nikavinywa vyote viwili.

Kilichoniokoa ni maumivu. Siku moja nikiwa kazini ubavu ulinishika ghafla, nikaanguka kwenye zulia la ofisi ya mkurugenzi nikiita majina yote ya Mungu ninayoyajua. Hospitali wakasema ni jiwe kwenye figo. Mjamzito ana jiwe, basi, wangeweza kunipa dawa ya maumivu na kunirudisha nyumbani, na wengine wangefanya hivyo. Lakini daktari aliyenipokea, dada mmoja mwembamba aliyekuwa akiongea taratibu hadi unatamani kumsukuma, alianza kuuliza maswali ambayo hayakuhusu ubavu. Mimba ngapi zimeharibika? Kiu imeanza lini? Mifupa je? Akatuma damu ipimwe kalsiamu, yale madini ya mifupa. Majibu yalipokuja aliyasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Mama," aliniambia, "una tezi nne ndogo sana nyuma ya tezi kubwa ya shingo. Kila moja ni kama punje ya mchele. Kazi yake ni kupima kalsiamu kwenye damu. Nadhani moja imekua na imeacha kupima. Inaamrisha tu mifupa itoe, itoe, itoe."

"Na mtoto?"

Alisema kalsiamu ikizidi kwangu inapita kwa mtoto pia. Anaweza kufia tumboni. Akizaliwa hai, tezi zake mwenyewe zitakuwa zimelala kwa sababu hazijawahi kuhitajika, na anaweza kupata degedege akiwa bado mchanga kabisa. Nikamuuliza kama hicho ndicho kilichowaua wale wawili. Akasema hawezi kuniapia, lakini inawezekana. Nililia pale pale, na sikulia kwa huzuni peke yake. Kwa miaka mingi nilikuwa nimebebeshwa lawama na kila mtu, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza, kumbe huenda ilikuwa punje moja.

Kisha akauliza ninakula nini. Nikamwambia habari ya vibuyu viwili. Akafumba macho kidogo.

"Maziwa yasitishe kuanzia leo. Hayakuleta ugonjwa, lakini hayakusaidii. Na vidonge vya kalsiamu vya kliniki, acha. Tezi yenyewe huenda ikabidi tukupasue tuitoe."

Ndivyo kibuyu kilivyorudi Chamwino kimejaa.

Mama mkwe alikuja mwenyewe keshoye. Nilimwona getini akiwa na vazi lake la kanisani, nikajua mambo si mazuri, maana vazi lile halitoki siku ya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nikamkaribisha kibarazani, akakaa. Nikaleta chai, akaiangalia tu. "Mwanangu kaniambia wanataka kukukata. Wapi?"

"Shingoni, mama. Bado hawajaamua, lakini—"

"Shingoni." Akalirudia neno lile kama analionja. "Mimi nimezaliwa kwenye mifugo, nimeolewa kwenye mifugo. Shingo nilizoziona zikikatwa siwezi kuzihesabu. Sijaona hata moja iliyogeuka baadaye ikanitazama."

Mume wangu akajaribu kueleza mambo ya daktari wa usingizi na vifaa vya kisasa. Mama akamnyamazisha kwa kiganja. Aliendelea kuniangalia mimi. "Maziwa ya mtoto umeyakataa. Sasa na shingo unawapa. Akifa na wewe ukafa, mimi nitazika nani kwanza?"

Mdomo wangu haujawahi kunisubiri. "Mama, wale wawili walikunywa maziwa yako mpaka siku ya mwisho. Na hawapo."

Niliyosema yalikuwa kweli, na kweli ile ilimpiga usoni kwa sababu nilikusudia impige. Akasimama, akajifunga vizuri mtandio wake.

"Basi," alisema. "Ng'ombe namrudisha kundini."

Akaondoka bila kuigusa chai. Unaelewa maana yake? Kwa lugha ya nyumba ile, aliniambia kwamba mtoto huyu hatumngoji tena. Tumbo langu liko pale, kubwa, linaonekana, na bibi yake amesharudisha ng'ombe. Niliingia chumbani nikalala kifudifudi mpaka nikakumbuka siruhusiwi kulala kifudifudi.

Nililazwa. Mpango wa kwanza ulikuwa dripu, maji mengi mishipani ili kuisukuma kalsiamu itoke na mkojo, huku wakitazama kama tunaweza kufika mwisho wa mimba bila kisu. Madaktari walikuwa na mawazo mawili, na hawakunificha. Yule dada mwembamba na daktari wa upasuaji waliona heri kukata sasa, miezi ya katikati, mtoto akiwa ameshajengeka na uchungu haujawa karibu. Daktari wa wajawazito aliogopa. Usingizi wa upasuaji unaweza kuamsha uchungu, alisema, na mtoto wa umri ule akitoka hatutaweza kumsaidia. Mmoja anasema ukingoja unampoteza, mwingine anasema ukiharakisha unampoteza, na wote wawili ni wapole, wote wamesoma, wote wananiangalia mimi niamue.

Nikaanza kuhesabiana naye yule mtoto. Alikuwa ameanza kucheza, kwa shida, mchezo mdogo upande wa kulia kama mtu anayegonga mlango akiogopa kusumbua. Akigonga, nasema haya, tungoje. Akinyamaza asubuhi nzima, nasema wakate, wakate leo, wanangoja nini.

Mume wangu Jumapili alikwenda Chamwino kumtuliza mama yake, akarudi wodini na ndizi na habari.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Hasemi. Yuko zizini tu." Akamenya ndizi. "Ila ndama wa yule ng'ombe mwekundu kanona ajabu. Sijaona ndama amenona vile kiangazi hiki."

Nilimtupia ganda la ndizi. Mimi nakaa hapa sijui kama nitazaa au nitazika, yeye ananiletea habari za ndama. Mama mmoja wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika kidonda chake. Mume wangu akaliokota ganda, akakaa nalo mkononi, na nikaona kwamba naye anaogopa kiasi kwamba ndama ndiyo habari pekee aliyoweza kuisema bila kulia.

Dripu ikashusha kalsiamu kidogo. Tukafurahi. Kisha ikapanda tena, ikapita pale ilipoanzia, na maziwa sijaonja hata tone. Nikaanza kuchanganyikiwa, nikamwita muuguzi kwa jina la dada yangu aliyeko Tanga. Yule daktari mwembamba akaja kukaa pembeni ya kitanda. Safari hii hata yule aliyeogopa alikuwa nyuma yake.

"Mama, tumekubaliana wote. Tukate."

"Kateni," nikasema. Nilijishangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mzee mwenye mikono mikavu. Alinieleza kila kitu: kipimo cha kisasa cha kutafuta tezi iliyoharibika kinatumia miale, na miale hatupeleki kwa mtoto, kwa hiyo wametumia ultrasaundi tu na wamemwona mkosaji upande wa kushoto, chini. Wasipomkuta pale watatafuta. Kuna mshipa wa sauti hapo karibu, wataupita kwa uangalifu. "Unaongea sana?" aliuliza.

"Muulize mume wangu."

Mume wangu akasema, "Daktari, mshipa huo uangalie sana. Nyumba itakuwa kimya mno."

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi. Walinilaza kwa kuniinamisha upande wa kushoto, mto chini ya nyonga ili uzito wa mtoto usibane mshipa mkubwa, na kichwa changu wakakirudisha nyuma, shingo imenyooka wazi chini ya taa. Hapo ndipo nilipomwelewa mama mkwe. Mtu ukilazwa hivyo, huhitaji kuwa na ng'ombe ili ujue unafanana na nini. Nilitaka kuinuka. Nilitaka kusema nimebadili mawazo, nirudishieni kilemba changu. Nikatafuta pale upande wa kulia kwa kiganja, nikingoja agonge. Hakugonga. Yule wa usingizi akaniambia nivute pumzi, na nikavuta nikiwa bado nangoja.

Nilipoamka nilikuwa nimeshika tumbo. Nikauliza swali na sauti ikatoka kama ya jogoo mgonjwa, lakini ilitoka. Wakasema mtoto yupo. Daktari mzee akaja baadaye akanionyesha kwa ncha ya kidole gumba ukubwa wa kile kitu: kama zabibu ya Hombolo, alisema, ile ndogo ya kutengenezea mvinyo. Zile tezi nyingine tatu ameziacha zilivyo. Sasa tungoje tumbo lisiamke.

Halikuamka siku ile. Siku ya pili ndipo midomo ilianza kunichonyota. Kisha vidole, kama wadudu wanatembea ndani yake, kisha mkono wa kulia ukajikunja wenyewe, vidole vimekusanyika kama vya mtu anayetaka kutoa chumvi chomboni. Nilipiga kelele na ile sauti yangu ya jogoo. Yule dada mwembamba akaja mbio, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

"Nilitegemea hili. Mifupa yako imeibiwa muda mrefu. Mwizi ameondoka, sasa inajirudishia mali yake yote kwa pupa, damu imebaki tupu." Wakanichoma kalsiamu mshipani taratibu, wakanipa vidonge vya kutafuna. Kisha akasema, "Na sasa, mama, unywe maziwa. Mengi uwezavyo."

Nilicheka mpaka nyuzi zikauma, halafu nikalia. Mume wangu akatoa simu.

"Usimpigie," nikasema. "Ng'ombe alisharudishwa. Ninunulie ya pakiti."

Akatoka nayo kwenye varanda hata hivyo.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alikuja na kile kikombe chao kirefu cha kusikilizia mapigo ya mtoto. Akakiweka upande wa kulia, akainamisha sikio. Akahamisha. Akahamisha tena. Unajifunza kusoma uso wa muuguzi haraka sana ukiwa umelala chali, na uso ule ulikuwa umeanza kuwa makini kupita kiasi. Nikashika vyuma vya kitanda. Akabonyeza tumbo, akasogea chini, akasikiliza, akashika kiwiko changu ili nisipumue kwa kishindo.

Nyuma ya kichwa changu, mlangoni, nikasikia sauti ikisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na nusu ya wodi ikaitikia, maana nusu ya wodi ilikuwa ya kwao.

"Mama, subiri kidogo hapo," muuguzi alisema bila kuinua kichwa.

"Mkwe," sauti ikasema. Haikuwa sauti ya amri niliyoizoea. Ilikuwa nyembamba. "Mkwe wangu. Geuka."

"Shikamoo mama," nikasema kwa kile kilichobaki cha koo langu.

"Geuka nikuone."

Shingo ilikuwa na bandeji na nilikuwa nimeiogopa tangu niamke, naigeuza pamoja na mabega kama mtu wa mbao. Nikaigeuza yenyewe. Taratibu, kidogo, ikavuta, ikauma, ikageuka. Nikamtazama. Alikuwa na lile vazi la kanisani, kibuyu kifuani, na uso wake ulianguka wote kwa mara moja. Akakaa chini sakafuni pale pale mlangoni, mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona akikaa bila kukaribishwa, akalia kwa sauti.

"Huyu hapa," muuguzi akasema. "Alikuwa kajificha huku nyuma, mjanja huyu. Anapiga vizuri sana."

Mama mkwe akanyanyuka. Hakuomba kikombe cha kusikilizia. Aliweka sikio lake tumboni kwangu, ngozi kwa ngozi, akabaki hapo muda mrefu, na muuguzi akamwacha.

Alipofungua kibuyu, muuguzi akawa mkali tena. "Mama, haya yamechemshwa? Mjamzito hatumpi maziwa mabichi."

Nilijua ugomvi unakuja. Mama hachemshi maziwa. Anasema kuyachemsha ni kuyatukana. Lakini alijibu kwa upole, akiwa anamimina. "Nimeyachemsha. Mwanangu kaniambia kwenye simu. Sijapata kumchemshia mtu maziwa ya ng'ombe huyu."

"Ng'ombe yupi, mama?" nikauliza.

"Yule mwekundu. Wa mtoto."

"Si ulimrudisha?"

"Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe! Kibarazani kwangu!"

"Nilikuwa na hasira," alisema, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Kunywa."

"Sasa siku zote hizo nilipokuwa sinywi, maziwa yalikwenda wapi? Si hayauzwi, hanywi mtu mwingine?"

Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akashangaa jinsi watu wa serikali tunavyoweza kuwa wazito.

"Mwulizeni ndama," alisema.

Nikanywa. Yalikuwa na harufu ya moshi na ladha ya sufuria, na nilimaliza yote.

Binti yetu alizaliwa siku zake zilipotimia. Walimchoma kisigino mara kwa mara kutazama kama tezi zake zimelala, na kila walipomchoma alipiga kelele za mtu aliyeamka vizuri kabisa. Ng'ombe mwekundu ni wake. Yule ndama mnono naye ni wake, bibi yake aliongeza bila kuulizwa.

Kovu langu sasa ni mstari mwembamba, ukinivalisha mkufu hulioni. Lakini Chamwino sivai mkufu. Wageni wakija, wakikaribishwa, habari za mifugo zikishakwisha, mama mkwe huniita kutoka jikoni mbele ya watu wote. "Mkwe," anasema, "geuka wakuone." Na mimi, pamoja na mdomo wangu huu wote, nageuka.